Maji Yalinihepa Usiku: Vituko vya Bwawa Langu la Trauti

Saa nane za usiku, Machi 2022, nilikuwa nimesimama katikati ya shimo, tochi mdomoni, suruali imekunjwa, nikitafuta maji. Jioni ile nilikuwa nimeyaacha hapo hapo, yananifika magotini. Sasa yalikuwa yanalowesha vifundo vya miguu tu. Hakuna aliyefungulia mfereji. Hakuna ng'ombe anayeweza kunywa maji mengi namna ile. Maji yalikuwa yamehepa, bila kwaheri, kama mpangaji anayedaiwa kodi.

Msomaji, usinicheke kwanza. Ngoja nikueleze nilifikaje hapo.

Mimi ni mtoto wa Nairobi, Eastlands kabisa. Jembe nililijua kwa picha. Mwaka 2020 corona ilipokuja, ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilifunga milango, nami nikabaki na marupurupu kidogo na muda mwingi. Nilikaa mjini nikihesabu siku hadi chapaa ikaanza kunihesabu mimi. Nikapanda mathree hadi ocha, kwa Guka, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Kiganjo, kaunti ya Nyeri.

Guka ana shamba la chai kidogo, ng'ombe wanne, na kona moja chini kabisa ambayo hakuna aliyewahi kuitaka. Ni kinamasi. Katikati yake kuna chemchemi inayobubujika mwaka mzima, baridi kiasi kwamba ukitia mkono unauondoa mwenyewe. Kwa vile mimi ndiye mjukuu niliyepewa jina lake, Guka hunitania kama rika lake. Akanionyesha kona ile kwa fimbo, akasema, "Hiyo ni yako. Ukiweza kuifanya kitu, tutajua jina halikupotea bure."

Nikasema nitafuga trauti.

Trauti si mwenyeji wetu. Aliletwa na Wazungu waliotamani kuvua samaki wa kwao. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven kule Scotland, na vifaranga wakaachiliwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua alifuata miaka michache baadaye akitokea Afrika Kusini, na huyo ndiye anayefugwa zaidi. Hoteli za watalii zinampenda. Sisi wa Eastlands tunajua omena na tilapia, basi. Lakini bei ya sahani moja ya trauti niliiona siku moja kwenye hoteli karibu na Naro Moru, na maze, sikulala.

Kitu kimoja sikukijua: trauti ni bwana mkubwa. Tilapia anataka maji ya joto, nyuzi 25 hadi 30, na hata yakituama anavumilia. Trauti anataka nyuzi 10 hadi 16. Yakipita 20 anaanza kuhangaika, na karibu na 25 anakufa. Tena anataka maji yanayotembea mchana na usiku, yenye hewa tele. Ndiyo maana chemchemi ya Guka ilikuwa mali. Na ndiyo maana nilivyoiharibu ilikuwa dhambi.

KUKALIA MLANGO

Kijijini kwetu liko bwawa moja la zamani, la siku zile serikali ilipoanzisha mpango wa samaki mwaka 2009, mabwawa 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo 140. Mwenyewe alilichoka, leo amepanda kabichi ndani. Nikalipima kwa macho, nikaiga umbo lake, nikalifanya dogo: mita 12 kwa 6, kina mita 1.2. Vibarua watatu, majembe, mabeleshi, wiki mbili. Na kwa werevu wangu wa mjini, nikaona hakuna haja ya bomba. Nikachimba bwawa palepale kwenye jicho la chemchemi! Si maji yatajileta yenyewe?

Yalijileta. Yakapanda hadi magotini, yakakwama. Wiki nzima hayakuongezeka hata upana wa kidole. Halafu ukaja usiku ule wa tochi.

Asubuhi nilipata jibu. Jirani wetu wa chini, mama mmoja mjane ambaye watoto wake nimecheza nao tangu utotoni, alikuja mpaka uani kwa Guka bila kubisha hodi. Maharagwe yake yalikuwa yanaogelea. Maji yalikuwa yamepasuka chini ya tuta langu na kutokea katikati ya shamba lake. Hilo lingesameheka. Lakini chini ya kinamasi chetu kuna kisima ambacho nyumba 11 huteka maji, na kisima kile hunyweshwa na chemchemi hiyo hiyo. Watoto walikuwa wamepanga mitungi tangu alfajiri, na maji yaliyokuwa yakitoka ni kama ya pua ya mtu mwenye mafua.

Jioni kulikuwa na kikao. Wazee walikaa kwenye viti, mimi nikasimama. Mama jirani alisema neno moja tu ambalo sitalisahau: "Huyu amekuja na mapesa ya Nairobi kutuzimia mto." Guka hakunitetea. Aliwaomba mwezi mmoja, akaweka jina lake, ambalo ndilo langu, kama dhamana.

Ningekuwa na akili, ningeuliza mtu. Nilienda mjini kutafuta fundi.

Fundi huyo, jina tumwachie mwenyewe, alitazama shimo kwa dakika mbili akasema dawa ni plastiki: lile turubai jeusi zito wanalotandika kwenye mabwawa ya kunyunyizia mboga. Hesabu yake ilikuwa sawa, sitamsingizia. Unachukua urefu, unaongeza kina mara mbili, unaongeza mita moja kila upande ya kuzika ukingoni. Unafanya vivyo hivyo kwa upana. Kwetu ilikuwa mita 16.4 kwa 10.4, karibu mita za mraba 170. Nikalipa shilingi 48,000, mabaki yote ya marupurupu. Tukalitandika Jumamosi, tukapiga picha.

Jumapili asubuhi turubai lilikuwa limevimba katikati kama chapati kwenye kikaango. Jumatatu lilikuwa limenyanyuka juu ya maji, tumbo jeusi linang'aa. Watoto wakaja kulitazama kama sinema. Jirani mmoja akauliza kama ndiye samaki mwenyewe.

Chemchemi si bomba la kaunti. Maji yake yanasukumwa na maji mengine yaliyo juu zaidi mlimani, ndani ya mawe, na msukumo huo una kimo chake. Ukilundika maji juu ya jicho, unalikalia. Ukitandika plastiki juu yake, unaliziba mdomo. Maji hayajui kwamba umelipa 48,000. Yatanyanyua turubai, au yatatafuta mlango mwingine, na mlango huo unaweza kuwa kwenye maharagwe ya jirani. Mbaya zaidi, yakishazoea njia mpya, hakuna hakika kwamba yatarudi ya zamani.

MAMA WA VIATU VYA MPIRA

Aliyetuokoa ni afisa wa uvuvi wa kaunti, mama wa makamo aliyefika kwa pikipiki akiwa na viatu vya mpira na daftari. Hakuangalia turubai. Aliuliza, "Chemchemi iko wapi?"

Nikamwambia iko ndani ya bwawa.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo umejenga nyumba juu ya mlango."

Kazi ya kwanza aliyotupa ilikuwa kubomoa. Tulipasua tuta, tukatoa turubai (lilichanika mara mbili, leo linafunika nyasi za ng'ombe), tukachimbua jicho hadi maji yakabubujika huru. Nilikaa pale nikiogopa kupumua. Siku ya tatu kisima cha chini kilianza kujaa. Mama jirani alipita, akatazama, hakusema kitu.

Kazi ya pili ilikuwa kupima. Mtungi wa lita 20 ulijaa kwa sekunde 20. Lita moja kwa sekunde, lita 86,400 kwa siku. Bwawa la vipimo vyangu, ukitoa mteremko wa kingo, linabeba kama lita 60,000. Kwa maneno mengine lingepaswa kujaa kwa chini ya siku moja, nami niliketi wiki nzima nikingoja! Mtungi na saa ya mkono vingeniambia siku ya kwanza kwamba maji yanapotea, na vyote viwili nilikuwa navyo.

Kisha tukalihifadhi jicho. Tulilizungushia kijumba kidogo cha saruji kilichojazwa mawe safi, kikafunikwa, kikatolewa mabomba mawili. Hapa ndipo wazee walipoweka sharti, na ni sharti la haki: bomba la watu liko chini, bomba la samaki liko kiganja kimoja juu yake. La watu linajaza tangi kisimani lenye boya, kama lile la choo cha mjini. Tangi likijaa boya linafunga, maji yanapanda kiganja kimoja, ndipo samaki wanapata. Kiangazi kikija, samaki ndio wa kwanza kulala njaa. Kibali cha matumizi ya maji tuliomba pia, na maji yanayotoka bwawani hayarudi kisimani, yanaingia kijito upande wa chini. Hakuna anayetaka kunywa maji yaliyooshwa na samaki.

UDONGO MWEKUNDU UNAKUDANGANYA

Bwawa jipya tulilisogeza hatua 20 chini ya jicho, penye ardhi kavu. Mahali kama hapo turubai lingefanya kazi vizuri sana, lakini mfuko ulikuwa umetoboka kuliko bwawa. Ilibaki udongo.

Ukiwa na kipande ocha na unaota mambo kama yangu, basi jaribu hivi kabla ya kuajiri kibarua. Chukua udongo mbichi, ukande kama wa chapati, ufanye mpira, urushe juu na uudake. Ukisambaratika, sahau. Ukishika, chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji asubuhi, liongeze jioni, kalale. Kesho yake maji mengi yakiwa bado yapo, una bahati.

Kwetu mpira ulikubali, shimo likakataa. Afisa akacheka, kumbe ndio ugonjwa wa udongo mwekundu wa mlimani. Ni wa mfinyanzi kweli, lakini umejipanga chembechembe kama unga wa ngano uliopata maji kidogo, na katikati ya chembe maji yanapita kama abiria wa Muthurwa. Chai inaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Ili ushike maji lazima uuvunje: uulowanishe, uukanyage, uuponde mpaka usahau ulivyokuwa. Juu yake tukaongeza udongo wa kijivu kutoka kinamasini, ule unaonata kwenye jembe mpaka unalitukana.

Lakini kabla ya kukanyaga, tuta. Kosa langu la kwanza lilikuwa kurundika udongo juu ya nyasi. Nyasi zikioza chini zinaacha njia, na maji yakipata njia yanaipanua. Safari hii tulikwangua nyasi na udongo wote wa juu, kisha tukachimba mtaro wa nusu mita kwenda chini na nusu mita upana, mahali pote tuta litakapokaa. Mtaro ukajazwa mfinyanzi, ukashindiliwa kwa magogo. Tuta likapanda juu yake, limefungwa na ardhi kama jino kwenye ufizi.

Siku ya kukanyaga ilikuwa sherehe. Redio ya betri, vijana wa sokoni, ng'ombe wanne wa Guka wakizungushwa ndani ya shimo kama wanamichezo wa uwanja wa Nyayo. Udongo unatandazwa kwa tabaka la sentimita 15, unalowanishwa mpaka kisigino kiache alama bila kuzama, unakanyagwa, ndipo unaweka jingine. Tuliweka matatu. Cucu, ambaye huniita mume wake kama nyanya wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu, alisimama ukingoni akisema mumewe anacheza kama ana mawe viatuni.

Mzee mmoja alitushauri tutandike samadi na nyasi chini ya tabaka la mwisho. Vikioza huziba vitundu. Ni kweli, watu wa tilapia hufanya hivyo na wanafaidika. Lakini kitu kinachooza kinakula hewa ya majini, na trauti bila hewa ni nyama tu. Tukamshukuru mzee, samadi ikaenda kwenye viazi. Tukafunika udongo kwa majani ya migomba usipasuke, na siku ya pili tukafungulia maji.

Lilijaa! Mchana mmoja na usiku mmoja, likafika ukingoni. Nilitaka kupiga kelele. Afisa akaniambia nitafute ndoo.

Ndoo unaitia maji, unaiwekea jiwe, unaisimamisha bwawani. Unafunga bomba la kuingiza. Unaweka alama ndani ya ndoo na alama nyingine bwawani, unangoja saa 24. Kilichopungua kwenye ndoo kimekunywa na jua. Kilichopungua bwawani kimekunywa na jua pamoja na ardhi. Ndoo yangu ilipungua milimita 4. Bwawa sentimita 26.

Roho ilinitoka. Yeye wala hakushtuka. Alizunguka tuta kwa nje akiwa ameinama, mpaka akafika pale bomba la kutolea maji linapotokeza. Palikuwa na maji yanachuruzika, rangi ya chai ya maziwa. Akasema maji yakivuja yakiwa meupe safi, tuta linatoa jasho tu, unaweza kulala. Yakitoka na tope, yanabeba tuta lenyewe kidogo kidogo, na siku moja utaamka ulikute kwa jirani.

Bomba la plastiki ni laini, udongo haulishiki, maji yanateleza nalo kutoka ndani hadi nje. Tukafukua. Tukalivalisha kola mbili za saruji, mraba wa sentimita 60 kila moja, ili maji yakifuata bomba yagonge ukuta. Tukashindilia mfinyanzi kwa mikono, si kwa beleshi. Tulipokuwa pale tukakuta na shimo la fuko, limepita tutani kama barabara ya Thika. Fuko alihamishwa. Sitaeleza zaidi.

Ndoo mara ya pili: milimita 4. Bwawa: sentimita 5, na unyevu uliotokea nje ulikuwa safi. Kwa bwawa linalopokea maji usiku na mchana, sentimita 5 si kitu. Nikaacha. Fundi wa mjini angeniuzia plastiki nyingine.

WANAHEMA

Oktoba 2022 nilichukua vifaranga 300 kutoka kituo cha serikali cha Kiganjo, ndani ya mifuko yenye maji na oksijeni. Mifuko unaielesha bwawani kwanza ili joto lilingane, kisha unawaachia taratibu. Maji yalikuwa nyuzi 14. Kwa sababu maji ya chemchemi hutoka ardhini yakiwa na hewa kidogo, tulikuwa tumeyatengenezea ngazi za mawe yaanguke kwa kelele kabla ya kuingia. Kelele ile ndiyo saa yangu, ikibadilika naamka.

Februari 2023, ukame ule uliokausha nusu ya nchi, nililala nikachoka na sikuisikia ikibadilika. Mtungi ulikuwa sasa unajaa kwa sekunde 34, na usiku ule tangi la watu lilikuwa tupu, kwa hivyo bomba la chini lilikunywa yote. Kama sharti lilivyotaka.

Alfajiri nilisikia dirisha likigongwa. Ni mtoto wa mwisho wa mama jirani, mtungi mkononi. "Mama anasema samaki wako wanahema."

Nilikimbia bila viatu. Walikuwa wamejazana pale maji yanapoingilia, midomo wazi, na maji hayaingii. Mama jirani alikuwa ameshaingia bwawani na leso yake, anachota maji kwa sufuria na kuyarusha juu yaanguke, anachota na kurusha. Nikaingia. Watoto wakaingia. Tulirusha maji kwa karibu saa nzima, mpaka tangi lilipojaa, boya likafunga, na ngazi za mawe zikaanza kelele tena. Tulipoteza samaki 41. Yeye aliwahesabu, si mimi. Akakamua leso, akasema nyumba 11 zitakuwa zikiteka maji jioni badala ya usiku mpaka mvua zije, ameshaongea nao. Kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Tulivua mara ya kwanza Desemba ile. Utajiri bado, sikudanganyi. Trauti anakula nyama, chakula chake ni ghali, na korongo mmoja huja kuvua bila leseni. Lakini samaki wawili hupelekwa nyumba ya chini kila Krismasi.

Sentimita zile 5 bado zinavuja. Zimetengeneza kipande chenye unyevu nyuma ya tuta, na Cucu amepanda nduma hapo, majani yake mapana kama miavuli. Juzi nilipochukua beleshi nione kama naweza kupaziba kabisa, alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi.